Picha za kuchekesha za familia safarini: mwongozo kamili, kutoka stendi ya Mbezi hadi kihambani

Desemba ikifika, familia za Kichaga zilizotawanyika Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na kwingineko hufunga safari kurudi kihambani, kwenye shamba la ukoo huko Kilimanjaro, kwa Krismasi na mwaka mpya, na watani wao husema wanakwenda kuhesabiwa. Safari hiyo hujaza simu picha kwa mamia, na nyingi zinafanana: watu wamepangwa mstari, mikono imenyooka ubavuni, macho kwenye kamera. Picha hizo zina kazi yake na sisemi ziachwe. Ila kile kicheko kinachosimuliwa tena mwaka unaofuata, sufuria ikiwa jikoni, hakimo ndani yake. Kilikuwepo dakika mbili kabla mstari haujapangwa, na kikarudi dakika mbili baada ya kuvunjika.

Mwongozo huu ni wa dakika hizo. Nimechukua safari ya Dar hadi Moshi kwa sababu ndiyo ninayoijua vizuri, lakini anayevuka kivuko cha Likoni kule Mombasa na wajukuu au anayepanda boti kwenda Unguja ataona mambo ni yaleyale.

Andaa simu usiku wa kuamkia safari

Mtoto akimpokonya babu kofia, una sekunde mbili hivi. Ukizitumia kutafuta kamera ilipo, tukio limekwisha. Kwa hiyo kazi inaanza nyumbani, mabegi yakiwa yanafungwa.

Futa lenzi kwa kitambaa laini cha pamba. Kipande cha kanga kuukuu kinatosha. Simu inayokaa mfukoni hukusanya mafuta ya vidole, na hayo ndiyo yanayoleta ule ukungu mweupe unaofunika picha ukielekea kwenye mwanga. Ondoa video za zamani ili nafasi isikuishie njiani. Kisha zoea kufungua kamera bila kuandika namba ya siri: kwenye simu nyingi za Android unabonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili haraka, na kwenye iPhone unatelezesha skrini iliyofungwa kuelekea kushoto. Fanya hivyo ukiwa umekaa sebuleni, mara nyingi, mpaka kidole kijue njia chenyewe.

Zima flashi. Flashi humtangazia kila mtu kwamba anapigwa picha, na papo hapo watu wanakaa sawa. Jizoeze pia kupiga kwa kitufe cha sauti kilicho ubavuni, maana kinakuwezesha kushika simu kwa mikono miwili usawa wa kifua, bila kuinyanyua mbele ya uso.

Kuna jambo moja zaidi la mashine ambalo lina uzito kuliko yote: kupiga mfululizo. Kwenye iPhone za karibuni unavuta kitufe cha kupigia kuelekea kushoto na kukishikilia. Kwenye Samsung nyingi unakivuta kuelekea ukingo wa skrini. Ukikishikilia tu bila kukivuta, simu nyingi huanza kurekodi video. Mfululizo unafaa kwa vitu vya haraka: mtoto anaruka, kuku amemponyoka mtu, maji yamemwagika. Kwa watu walioketi wanapiga soga usiutumie, utajichosha bure baadaye kuchambua picha arobaini zinazofanana.

Wenye kamera: weka kasi ya shata 1/500 ya sekunde kwa anayekimbia, 1/250 kwa wanaocheka na kurusha mikono, na acha ISO, yaani kipimo cha kamera kuhisi mwanga, ipande inavyotaka. Chembechembe kwenye picha hazimzuii mtu kucheka. Uso uliotikisika unamzuia.

Jua unachokitafuta

Wengi wakisikia picha ya kuchekesha wanafikiria ulimi uliotolewa nje au mtu anayeanguka. Ya ulimi inachosha ukiiona mara ya pili, na ya kuanguka ina maumivu ya mtu ndani yake. Ukitazama picha ambazo familia huzirudia miaka nenda miaka rudi, utaona kicheko kinatoka kwenye vitu vichache, na ukivijua utaanza kuviona kabla havijatokea.

Cha kwanza ni maandishi, na hapa kwetu tuna utajiri ambao wapiga picha wa nchi nyingine wangeutamani. Kanga zinasema, malori yanasema, bodaboda na kuta za maduka zinasema. Lori limekata ekseli pembeni mwa barabara, juu ya kioo chake pameandikwa "Kawia Ufike", na utingo amelala kivulini chini yake. Shangazi amejifunga kanga ya "Hasidi hana sababu" huku anamkatia wifi yake kipande cha nyama kidogo kuliko vyote. Picha za namna hii huharibika kwa jambo moja: maandishi hayasomeki. Jina la kanga linakaa chini, karibu na pindo, na kwa aliyejifunga mara nyingi huangukia nyuma. Kwa hiyo simama nyuma yake au ubavuni, na picha yako ishuke mpaka miguuni. Ukimkata kiunoni kama tulivyozoea, umeacha nje jambo lenyewe. Kwa lori, simama uyatazame maandishi moja kwa moja, kisha subiri mtu aingie.

Cha pili ni kufanana. Bibi na mjukuu wa miaka sita, wote hawana meno ya mbele, wote wanachekea kitu kimoja. Baba na mwanawe wamelala kwenye viti vya basi, kila mmoja ameweka kiganja shavuni vilevile. Mwaka 1932, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare mjini Paris, Henri Cartier-Bresson alimpiga picha mtu anayeruka dimbwi la maji, na ukutani nyuma ya mtu huyo kuna bango la mcheza dansi aliyeruka kwa mkao uleule. Huyo mtu hakujua habari ya bango. Anayeona vyote viwili pamoja ni mtazamaji peke yake, na hapo ndipo tabasamu linapotoka. Ukiwa na mtoto anayeiga kila kitu cha babu yake, tafuta mahali ambapo wote wawili wataingia kwenye picha moja, na uache nafasi kidogo katikati yao ili jicho liweze kulinganisha.

Cha tatu ni uso usiolingana na shughuli. Watu ishirini wanashangilia keki, mmoja anachungulia sahani ya jirani. Katika kila shughuli ya familia, baada ya kupiga picha ya tukio lenyewe, geuka uwapige wanaolitazama. Mimi ningekwambia uanze nao.

Cha nne ni vipimo: mtoto mdogo na begi linalomzidi, mjomba mrefu aliyekaa kwenye kigoda cha watoto. Hiki hakihitaji maelezo mengi. Rudi nyuma hatua chache ili vyote viwili vionekane vizima.

Stendi na barabarani

Kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis, alfajiri ya Desemba, ni mahali pazuri sana pa kuanzia kama utakubali kusimama sehemu moja. Usizunguke. Chagua mlango wa buti la basi lenu, simama hatua nne au tano kutoka hapo, upande usiozuia wapakiaji, na uwaache watu wafanye mambo yao. Utawaona wanaobishana na konda kuhusu godoro, mama mdogo anayehesabu ndoo zake kwa mara ya tano, mjomba aliyekataa katakata kuweka televisheni kwenye buti na sasa anapanda ngazi ameipakata. Mpiga picha anayewafuata watu huwaona migongo. Anayesubiri mahali ambapo watu lazima wapite huziona nyuso.

Ndani ya basi, mwanga unatoka dirishani, kwa hiyo mtu awe ameelekeza uso au ubavu wake dirishani, na wewe usipige ukiwa umelielekea dirisha lenyewe, la sivyo atatoka mweusi kabisa na dirisha litakuwa jeupe. Ukitaka kupiga nje, sogeza lenzi karibu sana na kioo ili kuondoa mng'ao, lakini simu isiguse kioo, kwa sababu mtikisiko wa basi utahamia kwenye picha. Miti ya karibu itakuwa michirizi tu. Milima ya Usambara na Upare iliyo mbali itatulia.

Biashara ya dirishani, maeneo ya Segera na Korogwe, ina mchezo mzuri wa mikono. Bibi ameshika pesa lakini hajaiachia, muuzaji ameshika mfuko wa machungwa lakini hajauachia, na dereva ameshatia gia. Piga mikono. Nyuso za wauzaji si mali yako: nunua kwanza, omba, na akikataa mshukuru uendelee na machungwa yako. Watu hawa wanapigwa picha na kila apitaye, na wengi hawapendi.

Basi likisimama watu wakachimbe dawa, simu ikae mfukoni. Hilo halina mjadala. Lakini honi ikilia, itoe, maana abiria wanaorudi mbio na mishikaki mkononi, kanga zikiwafunguka, ni miongoni mwa picha bora za safari nzima. Simama mlangoni mwa basi, piga mfululizo.

Kabla ya mstari na baada ya mstari

Hapa ndipo penye kiini, na ningependa usome polepole.

Mkifika nyumbani, mtu atasema tupige picha ya familia. Tangu neno hilo litamkwe mpaka watu watulie inaweza kuchukua robo saa. Mama mkubwa anakimbia kubadilisha gauni. Vijana wanagombania kusimama nyuma. Mtoto anapakwa mafuta usoni kwa nguvu huku anajipinda. Babu amekaa zamani kwenye kiti cha katikati, fimbo mkononi, anangoja peke yake kati ya viti vitupu. Robo saa hiyo ni yako. Usiitumie kuwapanga watu. Kazi ya kupanga mwachie shangazi mwenye sauti, kila familia inaye. Wewe simama pale pale utakapopigia picha ya mstari, kwa sababu hakuna atakayekushangaa ukiwa hapo na simu mkononi, na uanze kupiga tangu kiti cha kwanza kinapowekwa.

Piga ile ya mstari vizuri, mara tatu au nne, ili kila mtu apate moja aliyofumbua macho. Halafu sema "tayari, asanteni", shusha simu mpaka kifuani, na usiondoke. Watu wakisikia tayari, pumzi zinatoka, matumbo yanarudi yalipokuwa, mtu anamfinya jirani yake, mtoto anavua kiatu kilichokuwa kinambana. Piga wakati huo, kwa kitufe cha ubavuni. Ukirudi kuzitazama utaona watu walewale, nguo zilezile, na sasa kila mmoja ni yeye.

Mlima nao una mchezo wake. Kilele cha Kibo, mita 5,895, mara nyingi huonekana asubuhi mapema na jioni, na mchana mawingu hukifunika. Wageni wa familia, shemeji waliotoka mbali, watataka picha ya kuubeba mlima kiganjani. Martin Parr, mpiga picha Mwingereza aliyezaliwa 1952, alipiga picha maarufu ya watalii kule Pisa, Italia, wanaojifanya wanauzuia ule mnara usianguke. Alisimama pembeni, kwa hiyo tunachoona ni watu wazima wanaosukuma hewa. Fanya vivyo hivyo. Mwache mwenzako apige ile ya kiganja, wewe sogea hatua kumi ubavuni. Na kama mawingu yamefunika kila kitu huku baba mdogo bado anauonyesha mlima kwa kidole, kwa fahari, piga haraka.

Shuka chini

Picha nyingi za familia zimepigwa kutoka urefu wa macho ya mtu mzima, na ndiyo maana watoto wanatokea kama vichwa vinavyoangalia juu. Piga goti. Ukiwa usawa wa mtoto wa miaka mitatu, meza ya chakula inakuwa paa, watu wazima wanakuwa magoti na pindo za vitenge, na kuku wanakuwa wakubwa.

Mpiga picha Elliott Erwitt alilijua hili kuliko wengi. Mwaka 1974 mjini New York alishusha kamera mpaka usawa wa mbwa mdogo aliyevishwa kofia. Pembeni yake tunaona viatu virefu vya mwanamke, na baada yake miguu ya mbele ya mbwa mkubwa, ambaye mwili wake wote uliobaki uko nje ya picha. Angepiga akiwa amesimama, ingekuwa picha ya mama na mbwa wake wawili. Kicheko kimetoka kwenye magoti ya mpiga picha.

Kwenye sherehe za Kilimanjaro kuna ndafu, yule mbuzi mzima aliyebanikwa, akasimamishwa mezani na majani mdomoni. Kila mtu humpiga kutoka mbele, naye peke yake. Shuka usawa wa meza, uwaweke ndafu na watoto wanaomkodolea macho katika mstari mmoja, kisha subiri. Mmoja wao atamgusa pua.

Kisha wape watoto kamera. Mfaransa Jacques Henri Lartigue alipewa kamera na baba yake akiwa mtoto, na mwaka 1905 alimpiga binamu yake wa kike anaruka ngazi za nyumba, gauni limetanda, mwili uko hewani. Mtu mzima wa enzi ile angemwambia binti asimame wima. Chukua simu ya zamani isiyo na laini, mpe mtoto kwa siku nzima na usimwelekeze. Nyingi zitakuwa za sakafu na paka, na kati yake utakuta moja au mbili ambazo wewe hungeruhusiwa kuzipata, kwa sababu hakuna mtu mzima anayejikaza mbele ya mtoto.

Kuhusu mwanga niseme kwa kifupi. Desemba jua la mchana liko karibu na utosi, macho yanaingia kivulini na uso unaonekana umekasirika hata kama mtu anacheka. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni sogeza watu chini ya migomba au barazani. Ukitaka mtu aonekane karibu, usiivute picha kwa vidole, tembea ukaribie. Ila usimsogelee mtu chini ya hatua mbili kwa lenzi ya kawaida ya simu, pua itavimba. Pua iliyovimba inachekesha waliopiga picha na kumuumiza aliyepigwa.

Utani una watu wake

Sisi tumerithi taratibu za kuchekana zilizopangwa vizuri sana, na mpiga picha wa familia anazihitaji kuliko anavyohitaji lenzi. Babu anamwita mjukuu wake wa kike mke wangu, bibi anamwita mjukuu wa kiume mume wangu, na wanagombana mchana kutwa kama wanandoa. Mabinamu wanataniana bila kikomo. Mchaga na Mpare wana utani wao, Mzaramo na Mnyamwezi wana wao. Kati ya mtu na mkwewe, hapana. Hapo ni heshima, na hata kula mbele yake ni kwa adabu.

Ichukue taratibu hiyo ilivyo uiweke kwenye kamera: mtu usiyeweza kumtania kwa mdomo, usimtanie kwa picha. Mama mkwe akisinzia mdomo wazi, geuza simu. Bibi akimfukuza "mume" wake wa miaka minne kwa mwiko kwa sababu amedokoa nyama, piga, naye bibi atakuwa wa kwanza kuomba aone. Aliyelala usimpige kama huwezi kumwonyesha akiamka. Mtoto asiye wako, muulize mzazi wake. Msibani mtani ana ruhusa ya kufanya vituko mpaka alipwe, lakini ruhusa ni yake; mwenye kamera akae kando. Hospitalini na kwenye maeneo ya jeshi usipige kabisa.

Halafu kuna jaribio moja ninalolitegemea: mwonyeshe mhusika picha kabla ya mtu mwingine yeyote. Akicheka yeye, ni ya familia nzima. Akinyamaza, ifute mbele yake, uone aibu inavyomtoka. Ukifanya hivyo mara moja tu, watu watakuachia upige mwaka mzima, kwa sababu wanajua hutawasaliti.

Kuchagua, kuandika na kuchapisha

Usitume picha siku ileile. Subiri usiku upite, kisha uzipitie asubuhi. Picha ambayo inahitaji uanze kueleza kilichotokea, iweke pembeni. Inayokuchekesha tena asubuhi, ikiwa huna usingizi wala wenzako hawapo kukuchochea, ibakize. Kwa safari ya wiki mbili ningebaki na picha ishirini au chini ya hapo. Kata pembeni vitu visivyohusika, mifuko na bega la mtu, lakini usimkate anayetazama. Mara nyingi mtazamaji ndiye anayebeba kicheko.

Maneno ya chini yawe mafupi na yasieleze kinachoonekana. Kwa ile ya bibi na mwiko, "Mahakama ya ndoa, kikao cha asubuhi" inatosha. Usiandike alama za kucheka mstari mzima, waachie wenyewe wacheke.

Ukituma kwenye kundi la familia la WhatsApp kwa njia ya kawaida, picha hupunguzwa ubora. Zile utakazotaka kuchapisha zitume kama faili la hati, zitafika zilivyo. Na kama unaweka hadharani, ondoa kwanza taarifa za mahali zilizomo ndani ya picha, hasa za watoto.

Kisha chapisha. Kabla hamjaondoka, nenda studio mjini Moshi na picha kumi, ukubwa wa sentimita 10 kwa 15. Nyuma ya kila moja andika majina, kijiji na mwaka kwa kalamu laini ya wino usiofutika, ile ya kuandikia CD, karibu na ukingo. Kalamu ya kawaida huikandamiza karatasi na alama hutokea upande wa mbele. Ziache zikauke kabisa kabla ya kuzipanga moja juu ya nyingine, la sivyo wino utahamia usoni mwa picha ya chini. Tano zibaki kwa bibi na babu, na hizo tano wazichague wao.